Kitovu cha Yaurel

Msimu wa mapera ulikuwa umepita, na yaliyochelewa kuanguka yalikwishaliwa na nguruwe, lakini nyumba ya Guamaya ilinuka mapera. Haikuwa harufu ya tunda linaloiva. Ilikuwa ya tunda lililoangukia matope, likapasuka, likaingia funza. Ilianzia kwenye nguzo ya katikati, pale ilipofungwa machela ya kulalia ya mumewe, ikatanda mpaka jikoni.

Guamaya alipekua. Aliinua vikapu, akakung'uta mikeka, akachungulia nyuma ya mtungi. Hakukuta tunda. Akarudi kazini, maana msimamizi hangeuliza habari za harufu, angeuliza mkate.

Kazi yake ilikuwa kuoka mikate ya muhogo ya kupelekwa machimboni. Muhogo wa kisiwa kile ni mchungu. Hukwanguliwa, ukatiwa kwenye mfuko mrefu wa ukindu, ukaning'inizwa na kuvutwa mpaka maji yake ya sumu yatoke yote, ndipo unga unapotandazwa kwenye kikaango cha udongo. Wahispania walikuja na ngano yao, ikaota majani bila punje. Pasipo muhogo wangetafuna viatu vyao. Kwa hiyo wanawake waliachwa vijijini waoke, na wanaume wakapelekwa Sibao kuchimba dhahabu.

Anao, jirani aliyeoka naye chini ya kibanda kimoja, alinusa hewa, akacheka. Alisema mume akirudi ni lazima nyumba inuke kitu. Wake yeye akirudi, itanuka miguu.

Yaurel, mume wa Guamaya, alikuwa amerudi kweli. Alitokea jioni, peke yake, kavaa shati jeupe la kugawiwa. Alisimama nje akamwita mkewe kwa jina la nyumbani, si Katalina, lile alilopewa na padri kwa maji. Guamaya hakumkumbatia. Alifanya alivyofundishwa na mama yake: alipenyeza mkono chini ya shati, akatafuta kitovu.

Kila mtoto wa kisiwa kile alilijua jambo hilo kabla ya kujua kuogelea. Wafu, wanaoitwa opia, wana kila kitu cha walio hai: macho, sauti, makovu, hata utani walioupenda. Wanakosa kitovu tu. Giza likiingia hutoka Koaibai, mji wao, wakatafuta mapera na vitanda vya wenye uhai, na jua likichomoza hurudi. Anayeishi na opia hunyauka. Zamani, watu walipotembea matumbo wazi, lilikuwa jambo la kupapasa mara moja na kujua. Sasa padri alitaka kila mtu avae shati, na amri iliyotoka ng'ambo ya bahari ilikataza wenyeji kuoga oga mtoni, eti kuoga kunawadhuru. Wahispania wenyewe hawakuoga. Ledesma, msimamizi, ulijua anakuja kabla mbwa wake hajabweka.

Kidole cha Guamaya kilizama. Kitovu kilikuwepo. Akamvuta mumewe ndani kwa shati, huku analia, akamwamsha binti yao Tanai aje amwone baba yake.

Siku zilizofuata alijaribu kufurahi. Yaurel alikuwa mpole kuliko alivyoondoka. Alikula mkate akausifu, akasema huko Sibao walikuwa wanaokewa mikate yenye mchanga. Lakini Guamaya alipofagia nyuma ya nguzo alikuta mabonge ya mkate uliotafunwa, yamebandikwa ukutani moja juu ya jingine kama viota vya nyigu. Sisimizi walikuwa wanapita kando, wanayazunguka.

Shambani Yaurel alipanda muhogo kwa Ledesma. Alfajiri alikuwa ameshafika, na mchana wenzake walipolala kivulini yeye aliendelea kukusanya udongo na kuinua matuta. Hakuomba maji. Ledesma alikuja mwenyewe hadi kwenye kibanda cha kuokea, akasimama huku anajikuna kwapani, akamwambia Guamaya kwamba hajapata kuona mtu wa namna ile katika kisiwa chote cha wavivu. Alisema mtu yule asiguswe na yeyote, asiitwe kwa ngoma wala maombolezo, na atakayemchosha atajibu kwa ngozi yake. Kisha akavunja mkate wa moto, akala, akapangusa vidole kwenye ndevu.

"Mpenzi mpya huyo," Anao alisema Ledesma alipokwisha kwenda. "Atamchumbia mumeo."

Guamaya alicheka kwa ajili ya Anao. Alikuwa anafikiria shati. Alikuwa amelichukua kulifua asubuhi ile, kwa siri, na kwapani na mgongoni lilikuwa safi kama siku liliposhonwa. Mtu aliyefanya kazi ya watu watatu hakuwa na tone la jasho. Palipochafuka ni tumboni tu, doa la manjano lililokauka likawa gumu, na alipolilowesha lilitoa ule uvundo wa mapera, na kitu kingine cha uchachu alichokuwa anakijua lakini hakukitambua mara moja.

Usiku alianza kusikia mfyonzo. Ulitoka kwenye machela ya Tanai: mdomo mdogo unafyonza, unapumzika, unafyonza tena. Asubuhi midomo ya mtoto ilinata, na mbegu za mapera zilikuwa zimemkwama katikati ya meno. Alipopewa mkate aliugeuza uso.

Guamaya alimuuliza mapera anayapata wapi wakati miti yote mitupu.

"Baba ananipa," alisema Tanai. "Ana mengi. Anayatoa mdomoni."

Siku hiyo Guamaya alimpeleka mtoto nyuma ya nyumba, akamvua shati na kumpangusa kwa kitambaa kibichi, kwa kuwa mtoni kulikuwa na mlinzi. Kitovu cha Tanai kilikuwa kirefu tangu kuzaliwa. Kilishika vumbi na majivu, na kukisafisha ulikuwa mchezo wao, mtoto anajikunja kwa kucheka kabla hata hajaguswa. Safari hii hakucheka. Kitambaa hakikupata pa kuingia. Kitovu kilikuwa kimepungua, kimekuwa kama alama ya kidole kwenye unga, na kesho yake alipomvua tena kilikuwa kimepungua zaidi, ngozi imesogea kutoka pande zote kama midomo inayofumba, na katikati, pale ambapo ngozi ilikuwa inakutana, palikuwa na unyevu mdogo wenye harufu ile ile iliyokuwa inalala kwenye nguzo ya nyumba yake, kwenye shati la mumewe, na sasa, alipoinamisha pua, kwenye nywele za mwanawe.

Alimvika shati. Alimkabidhi kwa Anao akasema anarudi sasa hivi.

Ilikuwa mchana, na kwa mara ya kwanza Yaurel alikuwa nyumbani, kwa sababu Ledesma alikuwa amemwamuru apumzike, kama mtu anavyopumzisha farasi mzuri. Alilala kwenye machela, macho wazi. Guamaya alisogea bila kusema neno, akalipandisha shati lile polepole huku mumewe anamtazama na kumwachia, akaona lile alilolipapasa gizani kwa mkono wa furaha: tundu, limechimbwa kwa kidole gumba kwenye nyama isiyo na damu, kingo zake zimechanika na kukauka, na ndani yake, ili lisijifumbe, umeshindiliwa unga wa muhogo, unga wake mwenyewe aliouacha usiku kwenye kikapu, umechacha, umekuwa wa manjano, unapanda na kushuka taratibu, si kwa pumzi, maana Yaurel hakuwa anapumua, bali kwa funza waliojaa chini yake wanaogeuzana kutafuta nafasi.

Akaziba mdomo kwa kiganja.

"Usipige kelele, mama Tanai," alisema Yaurel kwa sauti ya chini. "Watasikia."

"Umekufa lini?"

"Mvua za kwanza. Ukuta wa shimo ulituangukia. Hawakutufukua. Walianza shimo jingine."

"Na hiki?"

"Nilijua mkono wako utakuja. Mama yako alikufundisha vizuri." Alikigusa, akairudisha ndani chembe ya unga iliyokuwa inatoka. "Nilichimba njiani. Hakiumi."

Guamaya alimuuliza kwa nini hakwenda Koaibai na wenzake, na kama alikwenda, kwa nini jua linachomoza naye bado yupo.

"Nirudi wapi? Kule kumejaa." Alisema hivyo kama anayeeleza habari za shamba la jirani. "Zamani aliingia mtu mmoja, akapokelewa, akaonyeshwa pa kutundika machela. Siku hizi vinakuja vijiji vizima kwa mara moja, na watoto wao na mbwa wao. Tumepangwa kama muhogo kwenye kikapu. Wa chini wanaoza mara ya pili, na maji yao yanatutiririkia. Sisi tuliochelewa tumefungiwa mlango. Tuko barabarani, Guamaya. Tuko wengi."

"Mtoto unamfanya nini?"

"Sina kingine cha kumpa."

"Kitovu chake kinafumba."

"Najua," alisema Yaurel. "Kiache kifumbe. Akiwa kama mimi watamchapa na hataumia."

Guamaya alimtazama usoni akitafuta ubaya, asiuone. Alikuwa ni Yaurel yule yule, anamtakia mwanawe mema kwa akili iliyobaki. Hilo ndilo lililomtoa nje mbio, akainama nyuma ya rundo la kuni na kutapika.

Mjomba wake Makanel alikuwa mganga wa bonde lile. Padri alikuwa amechoma sanamu zote za mizimu yake, na kibuyu kilimotunzwa fuvu la babu yao, kisha Ledesma akamchapa mbele ya watu na kumpa nguruwe achunge. Guamaya alimkuta kwenye zizi, tope limemfika magotini. Nguruwe walikuwa wanang'ang'ania kitu chenye nywele. Makanel alikitoa mdomoni mwao kwa fimbo, akakifunika kwa udongo.

"Wanafukua nyuma ya kanisa," alisema. "Kule wanazika juu juu. Siku hizi najua nani amefariki kabla padri hajajua. Usikanyage hapo, mwanangu."

Guamaya alimweleza yote. Mzee alisikiliza bila kuacha kuwafukuza nguruwe. Guamaya alipofika kwenye unga na funza, mzee alisimama, akatema mate.

"Kitovu cha kuchonga," alisema. "Sijawahi kusikia. Wafu wetu walikuwa na haya."

Alianza kwa kukataa. Alisema hana tena mizimu, hana ngoma, na ana mgongo mmoja tu. Watu wenyewe wanamkwepa kwa sababu ya uvundo wa zizi, wanaomsikiliza ni hawa wenye miguu minne, nao ni Wakristo. Guamaya hakucheka wala hakubembeleza. Alimwambia kitovu cha Tanai kimebaki kama kucha. Makanel akajipangusa tope miguuni kwa majani.

Alisema dawa ni kumsafisha tumbo mtoto, atoe kila alicholishwa. Tumbo likiwa tupu opia hana pa kumshikia. Mganga naye hutapika, na mama pia, maana hivyo ndivyo ilivyofanywa tangu awali. Baada ya hapo aliyemkaribisha mfu ndiye amtoe, kwa mdomo wake. Kilichomtatiza ni kimoja. Opia wa zamani ukimfukuza alirudi kwao. Huyu hana kwao. Atavuka uwanja na kuingia kwa Anao, na kwa Anao kuna watoto wawili.

"Tukimtoa lazima tumpe nyumba," alisema. "Sasa niambie, nani kati yetu tumtupie?"

Guamaya alikuwa anatazama kilimani, kwenye nyumba ya mawe ya Ledesma, yenye chumba kikubwa na mtu mmoja ndani yake. Mjomba alifuata macho yake.

"Yule atapaswa kumwita mwenyewe, mlangoni," alisema kwa sauti ndogo. "Hatuwezi kumwalika kwa niaba yake."

"Atamwita," alisema Guamaya. "Hajawahi kumkataa mtu anayefanya kazi bila kula."

Walimsafisha mtoto alfajiri, nyumbani kwa Guamaya, Yaurel alipokwisha kwenda shambani. Makanel alileta kutoka kwenye makuti ya paa lake kijiti cha ubavu wa nguva, chembamba, kimesuguliwa na makoo ya vizazi, ambacho padri hakukichoma kwa sababu alidhani ni mfupa wa mchuzi. Alianza yeye. Alikisukuma kooni, akatoa maji ya kijani, akajifuta, akampa Guamaya. Kisha wakamshika Tanai, mama kwa mabega, mzee kwa kidevu.

Kilichotoka kwanza ni mapera. Yalitoka mazima, makubwa kuliko koo la mtoto, yanateleza, ngozi zake zimepasuka na ndani yake nyeupe inachezacheza, na kila lilipoanguka kwenye kikapu lilitoa mlio wa kitu kilicho hai, na baada ya mapera yakaja majani, na baada ya majani nywele za watu, ndefu, nyeusi, ambazo Makanel alilazimika kuzivuta kwa mkono, pima kwa pima, huku mtoto macho yamemtoka na kucha zimezama kwenye mapaja ya mama yake, na nywele zilipokwisha likaja tope, jekundu, la Sibao, tope la mgodini lenye vipande vya kucha ndani yake, na Guamaya aliyekuwa ameapa hatafumba macho aliyafumba, akabaki kusikia tu namna lilivyokuwa linamiminika na kumiminika kutoka kwenye tumbo lile dogo kana kwamba kilima kizima kilikuwa kimezikwa humo.

Kisha Tanai alilia. Kilikuwa kilio cha kawaida, cha hasira. Akaomba maji.

Makanel alibeba kikapu mpaka zizini akakimwaga. Nguruwe walikuja mbio, wakanusa, wakarudi nyuma kwa kundi, wakajibana kwenye ukuta wa mbali.

Yaurel alikuwa amesimama mlangoni, mikono yake imejaa udongo. Hakuna aliyemwona akija.

"Tumbo lake limekuwa tupu," alisema. "Nimelisikia."

Guamaya alisimama kati yake na mtoto. Matapishi yalikuwa bado kwenye mikono yake. "Nilikukaribisha kwa kosa," alisema. "Sasa nakutoa. Hapa si kwako tena, baba Tanai."

"Niende wapi?"

Aliuliza bila ugomvi, kama anayeuliza wapi aweke jembe. Guamaya alimwambia aende akasimame mbele ya nyumba ya mawe, asubiri.

Ledesma alikuwa amekaa kwenye ngazi, anaponda chawa kwenye pindo la koti lake la sufu na kunusa kucha. Guamaya aliinama mbele yake kama ilivyotakiwa. Alimwambia kwamba mumewe anaomba kulala karibu na kazi, kwake ni padogo. Tena ana wenzake waliotoka Sibao, hawana pa kukaa. Wanafanya kazi kama yeye. Hawaombi mkate.

Ledesma aliuliza kama wana bwana. Guamaya alisema walikuwa naye, aliwaacha. Msimamizi akacheka mpaka akakohoa. Alikuwa amekwishafahamu, alidhani: watoro wa mtu mwingine, bure.

"Wangapi?"

"Sijui, bwana. Wengi."

"Waje," alisema Ledesma. "Walale ghalani, walale ndani, walale kitandani kwangu wakitaka. Mradi alfajiri wawe shambani."

Yaurel alimpita akavuka kizingiti. Baada yake majani ya njiani yalianza kulala chini, kuanzia bondeni, kana kwamba yanakanyagwa, na hewa ikawa nzito kwa mapera. Wakaanza kuonekana mmoja mmoja: wanaume wenye udongo masikioni, wanawake wenye watoto mgongoni, vikongwe, mbwa wasiobweka. Walipanda ngazi na kuingia. Mlango haukupata nafasi ya kufungwa. Ledesma alianza kuwahesabu kwa kidole, akakiacha kidole hewani, lakini hakuacha kutabasamu.

Guamaya alirudi nyumbani akamvua mtoto shati. Kitovu kilikuwa kinafunguka. Usiku ule alilala, na wiki ile nzima mfyonzo haukusikika tena.

Shambani matuta yaliongezeka mpaka yakafika kwenye ukingo wa msitu. Ilidhaniwa kwamba Ledesma hatafika mwezi mpya. Anao alisema anamwokea mkate wa matanga, na ameuwekea mchanga.

Guamaya ndiye aliyepeleka mkate. Tanai alimfuata, ameshika pindo lake. Ledesma alifungua mwenyewe. Kilichomshtua Guamaya kwanza ni kwamba hakunuka. Jasho, sufu, mvinyo, vyote vilikuwa vimeondoka, limebaki tunda. Alikuwa hajikuni. Chawa walikuwa wamemhama. Baadhi yao bado walikuwa kwenye nguzo ya mlango, wanapanda juu kwa mstari. Mbegu za mapera zilikuwa zimeganda kwenye ndevu zake, na funza mmoja alitambaa kutoka kwenye ndevu akaingia mdomoni, naye akammeza bila kujua.

Shati lake lilikuwa wazi mpaka kiunoni. Tumbo lilikuwa jeupe na laini kutoka upande hadi upande. Hakuwa ametoboa kitu. Hakuwa na haja, hakuna mwanamke ambaye angempapasa.

"Katalina," alisema, "sichoki tena. Sioni usingizi. Sikumbuki kwa nini nilitaka kurudi kwetu." Alitazama matuta yake. "Nitawasimamia ninyi, na watoto wenu, na watakaozaliwa na hao. Kesho mkate mara mbili, wa machimboni. Mapema."

Kisha akainama, akamchungulia Tanai nyuma ya mama yake.

"Huyu ana mikono midogo, inafaa kukwangua. Mlete akae hapa." Akaingiza vidole viwili kinywani, akatafuta kwenye shavu, akatoa pera. "Nitamlisha."

Guamaya alisema ndiyo, bwana. Aliinama. Alishuka kilima kwa mwendo wa kawaida huku amembana mtoto mkono.

Zizini alimwambia Makanel kwamba alitaka kumwua mtu, na badala yake amemwondolea kifo. Mzee hakumlaumu. Alisema nyumba yenye opia humtoa opia. Bonde likiwa lake lote, wanaotoka ni wazima. Milimani kulikuwa na watu waliokimbia, moshi wao ulionekana asubuhi za baridi. Njia ilikuwa moja tu, katikati ya shamba. Usiku haufai, ni wa wenyewe. Waende mchana, wavae mashati, wabebe vikapu, watembee kama wafanyakazi.

"Na usitoe jasho," alisema Anao, aliyekwisha kumfunga mtoto wake mdogo mgongoni na kumshika mkubwa mkono bila kuulizwa.

Waliingia kwenye matuta jua likiwa utosini. Wafu walikuwa wameinama pande zote mbili, udongo unapanda chini ya mikono yao bila kituo, hakuna anayezungumza, hakuna anayekohoa, na kutoka kwenye mashati yao yaliyo safi ulipanda ule uvundo mtamu, mzito kiasi kwamba ulikaa kwenye ulimi, na sita wale walio hai walipita katikati wakibana pumzi, Makanel mbele, watoto katikati, Guamaya nyuma anahisi jasho linamshuka kwenye uti wa mgongo na shati linaanza kumganda, na kila walipompita mtu, mkono uliokuwa unainua udongo ulisita kidogo, pua ikainuka, ikatafuta, ikarudi chini.

Kwenye tuta la mwisho alikuwa Yaurel.

Aliacha kazi, akasimama. Alimtazama Makanel, akamtazama Anao, akamtazama Tanai kwa muda mrefu. Tundu la tumboni lilikuwa limemwaga unga wake wote. Shati lilikuwa limelowa mpaka chini. Guamaya aliweka kiganja mdomoni mwa Tanai.

Juu kwenye ngazi Ledesma alikuwa amesimama, amekinga jua kwa mkono. Sauti yake ilishuka bonde lote, haina mkoromo wala pumzi.

"Huko mwisho. Mpo wote?"

Yaurel aligeuka akaiangalia nyumba ya mawe, akawapa mgongo.

"Tupo wote," alijibu.

Akainama, akachota udongo. Tanai alitaka kumpungia mkono. Guamaya aliushika mkono ule, akaingia naye msituni.